Kawa la Kuvaa Kichwani

Xiaobei, Guangzhou
10 Novemba 2024

Kwa dada yangu Mwanahija binti Mbarouk,

Mie mdogo wako Gharib, umri wangu sasa miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nimemzika mwanangu Yahya, nimemzika na yule daktari aliyeniambia moyo wangu hautafika Idi. Meno yangu yote pia nimeyaaga, ila matatu, na hayo matatu hayaonani. Nayasema haya mwanzo ili ujue anayekuandikia si mtoto.

Assalaam alaykum. Mie mzima kwa rehema za Mola, magoti tu ndiyo hayajapata habari hiyo. Nakuombea nawe uzima, na mguu wako, na yule mbuzi wako mla kanga. Mwandiko utanisamehe. Nilitoka chuoni siku mwalimu alipovunja bakora mgongoni kwangu. Nikaona kila mmoja wetu keshapata hasara yake, yatosha. Simu sitaki. Nikikutumia sauti, inasikilizwa na nyumba nzima pamoja na muuza samaki anayepita. Barua hii anakuja nayo Abdulsamad wa Darajani, aliyekuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, na nimemwapiza asiifungue.

Sasa shughuli yenyewe. Mjukuu wetu Swalha kachumbiwa. Babake hayupo, walii wake ni mie, na bila mkono wangu hapana nikaha. Kijana anaitwa Hamani, Mfulani wa Yola, huko Nijeria. Wafulani ni watu wa ng'ombe. Hata huyu, anayeuza vipuri vya pikipiki hapa Xiaobei, ukimtajia ng'ombe macho yanamlowa.

Basi amu yake alikuja kuleta posa. Jina lake Njidda, nao wanamwita Bappa, maana bappa kwao ndiyo amu. Mtu mrefu, mwembamba, kavaa kanzu nyeupe nene iliyotiwa nyuzi nyekundu na kijani kifuani. Weye wanijua mie na nguo. Nimelala na kuamka soko la Zhongda, kitambaa nakijua kwa kidole, gizani. Nikamshika pindo palepale mlangoni, nikapapasa, nikasema, "Hii ya kiwandani. Laobani wangu anazitoa kwa marobota." Laobani ni bosi, kwa lugha ya huku.

Tulikaa kwenye chumba cha Émérance, yule mama wa Lubumbashi mwenye mgahawa chini ya ofisi ya Swalha. Swalha kapika pilau, harufu imefika barabarani. Bappa akaleta zawadi: kawa la kufunikia chakula, zuri, la ukindu, juu limetiwa ngozi. Nikalipokea kwa mikono miwili na kulitumia hapohapo, asije akadhani sikulithamini.

Mgeni akakataa kula. Hata punje! Kisha, Mwanahija, akanitukana usoni pangu. Tusi lenyewe siliandiki, karatasi itaungua. Nikasimama, nikasema posa imekwisha, ndoa hapana. Heshima ya Mbarouk imesimama wima. Ningesimama wima nayo, lakini magoti nimeshakueleza.

Mdogo wako,
Gharib


Kikwajuni, Unguja
8 Desemba 2024

Ewe Gharib,

Waalaykum salaam. Sie wazima. Mguu unauma unapopenda. Mbuzi kala kanga nyingine, ile ya mchele mchele niliyoletewa na marehemu mkeo wa pili, nimemwuza. Gitau, yule mpangaji wa chumba cha uani, kahama. Karudi kwao Nyeri kuoa.

Barua yako Abdulsamad aliisahau kwenye sanduku la spika mpaka alipopata mnunuzi wa spika. Kabla haijafika nilishapigiwa simu na Swalha. Alilia. Mtoto huyo hakulia alipovunjika mkono, hakulia ulipompeleka nchi ya watu yungali msichana akafungua ofisi ya mizigo peke yake. Amelia kwa ajili yako.

Nina swali moja. Kawa gani? Wafulani hawasuki makawa.

Dada yako,
Mwanahija


Xiaobei
12 Januari 2025

Dada yangu Mwanahija,

Salamu na baada ya salamu. Mie mzima. Jino moja katika yale matatu linatikisika, nalitikisa kwa ulimi nikikosa shughuli. Baridi imekuja. Nimevaa makoti mawili na kofia ya sufu ya Swalha yenye shada la uzi juu. Wachina wananipisha njia, sijui kwa heshima au kwa huruma. Pole kwa kanga. Mbuzi ungemla siku ileile.

Kwa kuwa unataka kulijua tusi, shika roho. Mgeni hali, nami namhimiza: "Karibu, amu, kula, usione haya!" Naye macho chini, kama bikira. Mara akachukua kibuyu walichokuja nacho, kimechorwachorwa, akafungua kifuniko, akaninyooshea, akanitazama tumboni. Tumboni, Mwanahija! Akasema polepole kila mtu asikie: "Fura. Da. Nono."

Hebu jiweke mahali pangu. Kitambi hiki nimekibeba tangu siku za duka la kanda za muziki, kila mtu anakiona, hapana haja ya kukitangaza. Mgeni wa leoleo ananiambia nimefura! Ati nono! Na hiyo "da" katikati nikadhani ananiita dada. Nikamjibu, "Aliyefura ni babako!"

Hamani akaruka katikati. Kiswahili kafundishwa na Swalha, nacho ni kama kuku wa kizungu, kinakwenda lakini hakitagi. Akanishika mkono, "Ni haya, babu. Ni haya!" Nikajua ananihimiza. Nikasema, "Haya? Haya basi!" Nikaufungua mlango.

Wakatoka bila kelele. Huyo Bappa hata sauti hakupandisha, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ugomvi wa mtu mmoja hauna ladha. Kibuyu kikabaki, Émérance akanywa yaliyokuwamo akasema ni matamu. Kawa nalo likabaki.

Ndiyo, ni kawa. Limeviringana, limechongoka juu kama makawa yote duniani. Lina kamba mbili za ngozi zinazoning'inia ndani. Nikadhani za kutundikia jikoni. Lilienea kwenye sinia ya pilau kama limepimwa. Nilipolifunika, Bappa alifumba macho, nikadhani anasoma dua ya chakula.

Halafu Swalha ameniambia ati si kawa, ni kofia. Sijamwamini. Kofia gani haivuji mvuke wa pilau?

Gharib


Kikwajuni
9 Februari 2025

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka jirani Leokadia akaja kuuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamsomea na yeye. Sasa ukanda mzima unajua, kwa hiyo ungetuma sauti tu.

Sikiliza, mzee usiye na meno. Nilimkalisha Swalha kwenye simu akanieleza moja moja.

Fura ni chakula chao. Unga wa uwele unapondwa na tangawizi na karafuu, unafinyangwa mabonge, unachemshwa, unapondwa tena. Nono ni mtindi. Da ni "na". Fura da nono: mabonge ya uwele na mtindi. Uji wa baridi, Gharib! Umeivunja posa ya mjukuu wako kwa sababu ya uji. Unga ule Bappa alitoka nao kwao Yola, kapondewa na dadake, kaubeba mapajani ndegeni asiuamini mzigo wa chini.

Kutokula kwake si dharau. Mfulani wa makamo hali mbele ya wakwe. Wana neno lao, semteende, nalo ndilo Hamani alilokuwa akilitafsiri kwa kukwambia "ni haya". Haya ya kuona haya, si haya ya twende! Mzee wa watu alikuwa na njaa kwa adabu, nawe ukamwona ana kiburi.

Kanzu uliyoipapasa ilifumwa kwa mkono na bibi yake Hamani, kabla hajafa. Haivaliwi ila siku ya posa. Na kawa lako ni kofia ya wachungaji, wanaume wao huivaa siku za heshima. Ilikuwa ya marehemu babake Hamani. Alikuletea weye, walii wa bi harusi, uivae. Umeifunikia pilau.

Sasa nitasema la kwangu. Weye si mtu wa kukasirika kwa uji. Uliwahi kuitwa mwizi sokoni ukacheka, ukamnunulia aliyekuita soda. Hamani anafunga duka, anarudi kwao Yola baada ya Idi, na mkewe atakwenda naye. Hilo hujaliandika. Umeandika magoti, meno, baridi, shada la uzi. Hilo umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Chumba cha uani nimekipaka chokaa. Si kwa ajili yako. Nimekipaka kwa ajili ya mpangaji, mahali pa Gitau.

Mwanahija


Xiaobei
23 Februari 2025

Dada,

Salamu. Barua yako nimeisoma, kisha nimeiweka chini ya godoro, kisha nimeisoma tena kuona kama imebadilika. Haijabadilika.

Wachina walikuwa kwenye mwaka wao mpya, mji ukabaki mtupu kama mdomo wangu. Zhongda milango ya chuma chini, hata mbwa hakuna. Swalha hagombani. Laiti angegombana. Ananipikia, ananiamkia shikamoo asubuhi, nikimwita anasema, "Naam, babu," na sauti yake imepigwa pasi. Chakula ananifunikia kwa kifuniko cha sufuria. Kile kitu cha ukindu kakipangusa kwa kitambaa chenye maji ya waridi, kakitundika msumarini juu ya kitanda changu. Nikilala kinanitazama.

Soko lilipofunguliwa nikakichukua nikampelekea laobani wangu. Nikajiambia, nitengenezewe kipya, nirudishe hiki na kingine juu yake, tuone nani tajiri. Laobani akakigeuza, akakinusa, akapapasa ngozi, akahesabu visuko kwa kucha. Mtu huyu hajapata kuniambia jambo haliwezekani, hata nilipomtaka kanga yenye maandishi niliyoyakosea mwenyewe, akazichapa zote na makosa yake. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Mei you." Maana yake: hakuna. Hakuna pengine, hakuna mwenzake. Nikatoka nimenywea. Kidole changu kile cha kujua nguo gizani, niliona bora nikitie mfukoni.

Nyumbani nikakivaa mbele ya kioo cha kunyolea. Nijaribu tu. Kamba zikafika kidevuni sawasawa, si za jikoni. Émérance akaingia bila hodi na bakuli la maharage.

"Papa Gharibu!" anasema. "Leo weye ndiye chakula? Banakufunika juu ya nini, nzi?"

Nikamwambia napima.

"Unapima nini? Kichwa? Kichwa yako tunaijua, Papa, ni ngumu." Akaweka bakuli, akanizunguka kama fundi. Kisha akasema, bila mzaha, "Ile siku, yule mzee alitoka akasimama kule kwa ngazi, kichwa wazi. Nilimwuliza kama anataka kofia yake. Akasema, Hamani akatafsiri: hapana, ni ya mkwe wake."

Maharage sikuyamaliza.

Hayo mengine uliyoandika mwishoni, ya Yola, sijayaona vizuri. Wino wako ulikuwa mwepesi. Wala mie sikuulizi habari za mpangaji.

Gharib


Kikwajuni
16 Machi 2025

Gharib,

Mwezi wa toba unakwenda. Futari yetu njema, mihogo ya nazi, na nafasi yako ukumbini kakaa mbuzi mpya.

Swalha kanipigia. Njidda anakuja tena Guangzhou baada ya Idi kumchukua Hamani. Nikamwuliza mtoto, "Huoni qadhi anaweza kukuozesha?" Kanijibu, "Bibi, siolewi bila mkono wa babu. Hata nikizeeka." Hakusema kwa hasira. Anakungoja. Wino huu ni mzito, sidhani kama utashindwa kuusoma.

Mpangaji bado sijampata. Alikuja mmoja, ana meno yake yote, sikumwamini.

Mwanahija


Xiaobei
27 Aprili 2025

Kwa dada yangu Mwanahija, mwenye wino mzito,

Assalaam alaykum. Mie mzima. Lile jino limetoka, yamebaki mawili, na kwa bahati hayo mawili yanaonana. Idi ilikuwa njema. Nimenyoa. Yaliyotokea nitayaeleza yalivyo, na sifa zangu nitazipunguza ili uamini.

Siku aliyorudi Bappa, nami nimeshamwambia Swalha awaite pamoja na sheikh, nilitoka nyumbani mchana kweupe, kanzu nyeupe, koti, na ile kofia kichwani. Kofia, nimesema. Nimepita barabara ya Xiaobei yote. Wanawake wa Kichina walinipiga picha, Mnijeria mmoja muuza viatu akasimama wima akanisalimu kwa lugha ya kwao, nami nikamjibu, "Mei you," maana ndilo neno la kigeni lililokuwa karibu. Nikapanda ngazi za Émérance nikatangulia kukaa.

Bappa Njidda akaingia na Hamani na sheikh. Kavaa kanzu ileile. Akaniona. Macho yakapanda kichwani pangu, yakashuka, akakaa. Wao hawasemi, nimeshajua.

Swalha akaleta pilau. Hamani akaweka kibuyu cha fura mbele yangu. Sasa, Mwanahija, mie nilikuwa nimejifunza. Mwezi mzima nimemwuliza Swalha kila kitu, amenieleza huku anajifanya hacheki. Nikajiapia: leo nitakuwa Mfulani kuliko Mfulani. Mbele ya mkwe sili. Nikateremsha macho, mikono mapajani. Sikugusa fura, sikugusa pilau, hata maji.

Nainua jicho moja, namwona Bappa anakula!

Anakula pilau, tonge baada ya tonge, macho chini, jasho linamtoka kipajini, masikio yamemwiva. Anameza kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Maana yeye naye kajifunza! Hamani kamwambia kwetu mgeni asipokula kamtukana mwenyeji. Kaamua atavunja haya yake mbele ya mkwe ili mie nisipate kuudhika tena. Na Émérance kaiunguza ile pilau kwa pilipili, asema ndiyo heshima ya Lubumbashi.

Basi tumekaa hivyo. Mfulani anakula kama Mswahili kwa tabu, Mswahili anashinda njaa kama Mfulani kwa tabu. Tumbo langu likanguruma, likasikika mpaka mlangoni. Bappa akaacha kutafuna. Akamwuliza Hamani kitu. Hamani akanigeukia, "Babu, Bappa anauliza, mbona hunywi?"

Nikasema, "Ni haya."

Hamani akatafsiri. Nikalisikia lile neno, semteende. Bappa akanitazama. Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani pilipili imempalia, kumbe mzee anacheka. Alicheka hadi punje ya wali ikamtoka puani. Mie nikacheka, na mdomo wangu ukicheka unaonekana wote. Akasukuma kibuyu mbele yangu, akasema polepole kama siku ile, "Fura. Da. Nono."

Nikajipiga kitambini. "Ndiyo, amu. Nimefura. Na mie mnono, hapana siri." Nikanywa.

Ni chachu, ni baridi, ina punjepunje za uwele zinazokwama pale meno yalipokuwa. Tangawizi inakuja nyuma. Na mwisho kabisa karafuu. Karafuu, dada. Nikamwuliza imetoka wapi, Hamani akasema sokoni kwao, haijulikani imetoka wapi. Nikamwambia mie najua imetoka wapi. Nikainywa yote nikapangusa kibuyu kwa kidole, kidole kilekile cha nguo, angalau kipate kazi.

Halafu nikamwomba Bappa ruhusa. Akaninyooshea pindo mwenyewe. Nyuzi haziko sawa, nyingine nene, nyingine nyembamba, mahali pamoja fundo. Pale aliyefuma alichoka, akapumzika, akarudi. Nikamwuliza Hamani jina la bibi yake. Akanitajia. Siliandiki, halina herufi ninazozijua, lakini nimelishika.

Sheikh akasema tuanze. Nikaushika mkono wa Hamani. Nikasema, "Nimekuoza mjukuu wangu Swalha binti Yahya..." Hapo kwenye Yahya sauti ikakatika. Sheikh akangoja. Bappa akaweka mkono wake mgongoni kwangu, mkono mwepesi kama wa mtu anayetuliza ng'ombe, akaniachia hapo. Nikaanza upya, nikamaliza. Hamani akakubali. Swalha nyuma ya pazia akapigiwa vigelegele na Émérance, vya Kikongo, madirisha yakaitika.

Wameondoka Jumatatu. Kwenye uwanja wa ndege Swalha alinifunga zile kamba za kofia kidevuni, akasema, "Babu, usiifunikie kitu." Nikamwambia laiti ningekuwa na kitu cha kufunika. Amekwenda akigeuka geuka. Ofisi ya mizigo kaachiwa Mkenya mmoja, Nafula, mchapakazi, ananipa shikamoo ya haraka.

Chumba kimekuwa kipana. Silalamiki, nakwambia vipimo tu.

Nimesema miaka yote kwamba anayerudi Unguja ni aliyeshindwa. Nimelisema kwa sauti, wengi wamelisikia, kulirudisha itakuwa kazi. Lakini nauliza tu, kama mtu anavyouliza bei bila kununua: yule mpangaji wa chumba cha uani, keshapatikana? Kama bado, namjua mzee mmoja. Ana meno mawili. Hana kelele ila akiwa macho. Ana sanduku moja, na kofia moja ambayo haitundikwi jikoni.

Haya niliyoyaandika ni kweli tupu. Ukiona nimejisifu, mwulize Bappa Njidda wa Yola, ambaye kwa Kiswahili anajua neno pilau tu, lakini atakwambia lote kwa neno hilo. Mwulize Hamani. Mwulize sheikh. Mwulize Émérance aliyesimama mlangoni na mwiko tangu mwanzo hadi mwisho. Yule ni mkweli, haogopi mtu. Ila jambo moja usimwulize, kilichonipata nilipolitaja jina la Yahya. Atakwambia ni machozi. Ilikuwa pilipili ya ile pilau yake.

Mdogo wako,
Gharib bin Mbarouk